Besi Bila Spika? Muacheni Mpiga Besi wa Moro na Kiboksi Chake

Wikiendi za Morogoro hazikosi ubishi, ila safari hii ubishi hauhusu Simba na Yanga wala nani kamuacha nani. Unahusu kiboksi. Kiboksi cha chuma, ukubwa wa simu mbili zilizobebana, kina vitufe vitatu vya kuzungusha na kataa kamoja kekundu. Mpiga besi mmoja wa bendi ya sherehe, kijana anayejulikana sana pande za Kihonda, kakiweka sakafuni mbele ya mguu wake, kachomeka gitaa upande mmoja na waya wa miksa upande wa pili, kamaliza. Hana amplifaya. Hana spika. Nyuma yake kuna pazia la mapambo na maua ya plastiki tu.

Mkongwe mmoja wa dansi, mzee wa heshima zake ambaye hatajwi jina hapa kwa sababu nusu ya mji ni ndugu zake, akamfuata wakati wa chakula.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Spika yako iko wapi, mwanangu?"

"Ipo humu ndani, mzee wangu," dogo akajibu, akaonyesha kiboksi kwa kidole cha mguu.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Basi na bibi harusi naye wangemleta ndani ya simu."

Hapo ukumbi uliokuwa karibu ukaanguka kwa kicheko, na mpaka Jumatatu magrupu ya wanamuziki yalikuwa yameshagawanyika. Wengine wanasema dogo anaigiza besi. Wengine wanasema mzee kapitwa na wakati. Utani wa mzee ni mtamu, hilo halina ubishi. Lakini kwenye hoja yenyewe dogo yuko sahihi, na kumcheka ni kumcheka mtu pekee aliyejaribu kutatua tatizo ambalo bendi za Moro zimelifumbia macho muda mrefu: besi haisikiki, na mpiga besi anapoteza kazi.

Twende taratibu, maana wengi wanabishana juu ya kitu wasichokijua.

Gitaa la besi likichomekwa moja kwa moja kwenye miksa linatoa sauti kavu. Ukilisikiliza hivyo utasikia kucha, utasikia kidole kinavyokwaruza uzi, utasikia uzi unavyogonga vyuma vya shingoni, na chini yake kuna mvumo usio na umbo. Wanaoijua wanaiita besi mbichi. Sauti ambayo masikio yetu yanaitambua kuwa ni "besi" siyo ya gitaa peke yake, ni ya gitaa likiwa limepita kwenye boksi la spika. Spika kubwa ya inchi 10 au 15 haiwezi kutoa kila kitu. Juu huko, kwenye kilohezi nne au tano kwenda mbele, inaanza kuchoka, hivyo makwaruzo yanapungua. Chini kabisa nako inakata ule mvumo wa hovyo, halafu katikati inavimba kidogo. Ni kichujio. Kwa miaka mingi wapiga besi wamekuwa wakibeba kichujio cha mbao chenye uzito wa mtu mzima bila kukiita hivyo.

Kiboksi cha dogo kinafanya kazi ya hicho kichujio. Vipo vya aina mbili. Vya zamani vinatumia saketi za kawaida zilizopangwa zikate na kupandisha masafa kama spika inavyofanya. Vya sasa vina kakompyuta ndani. Huko kiwandani au studio fundi anachukua boksi halisi la spika, anaweka maiki mbele yake, anapitisha mlio wa majaribio, na maiki inanasa jinsi lile boksi linavyoujibu. Jibu hilo linahifadhiwa kama faili dogo la sauti, kipande cha sekunde tu. Kila noti utakayopiga, kiboksi kinaipitisha kwenye faili hilo, na mbele inatoka kama vile ile spika ya studio iko ukumbini na maiki imeshategwa. Mashine haipigi noti hata moja kwa niaba yako. Ukikosea, inakosea na wewe, tena kwa sauti nzuri.

Sasa hili linawahusu nini watu wa mji kasoro bahari?

Linawahusu kuliko mji mwingine wowote nchini, pengine. Hapa ndipo ilipozaliwa Morogoro Jazz mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948. Hapa ndipo alipong'ara Mbaraka Mwinshehe, mtu aliyepiga gitaa mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya 1970, akaanzisha Super Volcano 1973, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Watoto waliozaliwa miaka ya 2000 wanamjua Mbaraka. Wanajua solo zake, wanaziimba kwa mdomo. Muulize yeyote kati yao jina la aliyekuwa akipiga besi nyuma ya Mbaraka, uone atakavyotafuta pa kuangalia.

Na siyo kwamba ile besi ilikuwa ndogo. Sikiliza dansi la zamani vizuri, besi haigongi tu mapigo kama nyundo. Inatembea, inaacha nafasi, inarudi kwa kuchelewa kidogo, na kiuno cha mchezaji kinaisubiri. Ukiitoa, solo na ridhimu zinabaki zinaelea. Mpiga besi ni yule jamaa kwenye picha ya bendi ambaye kakatwa bega, ila bila yeye hakuna aliyesimama kucheza.

Tuje kwenye sherehe za leo. Sendofu, kichen pati, harusi, kipaimara, jubilei. Ukumbi umekodi mitambo, fundi mitambo amefika saa nane na spika mbili zilizosimama kwenye vyuma, na kama kamati ina hela, sabufa mbili chini. Mpiga besi anafika, anaulizwa swali moja tu: "Una waya?" Anachomekwa mkavu. Halafu kwenye miksa kuna kile kitufe kidogo cha kukata sauti za chini, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya maiki za waimbaji ili zisivume. Mara nyingi kinakata kuanzia hezi 75 mpaka 100 kushuka chini. Fundi kakibonyeza kwenye laini zote toka asubuhi, hajakumbuka kukitoa. Uzi mnene wa besi ukiupiga wazi ni hezi 41. Unaofuata ni 55, wa tatu 73, wa nne 98. Yaani nyuzi tatu za chini zikipigwa wazi, na hata ya nne kama kitufe kinakata kwenye 100, mzizi wa noti unakutana na panga mlangoni. Kinachopita ni kucha na makwaruzo.

Halafu MC anasema besi ya leo mbovu.

Na matokeo yake hayaishii kwenye kusemwa. Kiongozi wa bendi anasikia malalamiko mara tatu, mara ya nne anamwambia mpiga kinanda apige besi kwa mkono wa kushoto. Sauti ya besi ya kinanda imeshapikwa tayari, ukichomeka tu inasikika. Kwa hiyo mtu mmoja anaondolewa kwenye mgawo, posho yake inagawanywa, maisha yanaendelea. Hivyo ndivyo wapiga besi wanavyogeuka kuwa madereva wa bodaboda wenye gitaa ukutani. Kinanda hakikupiga vizuri zaidi yao, kilifika tu kikiwa na sauti iliyokamilika.

Ndiyo maana kiboksi si urembo. Kwa mpiga besi wa hali ya kawaida, ni kitu kinachomrudisha kwenye mgawo. Anamkabidhi fundi mitambo sauti ambayo imeshachujwa, imeshapata umbo, na fundi hata akiwa mvivu au amelewa kidogo, bado kuna kitu cha kusikika. (Kile kitufe cha kukata bado kitolewe, hakuna kiboksi kinachoweza kurudisha kilichokatwa mbele yake.)

Kuna na suala la milima. Bendi za Moro hazipigi mjini tu. Kuna jubilei za kanisa Matombo, kuna harusi Mgeta, kuna sherehe Kinole kwa watu wenye ndizi na viungo vyao na hela yao safi. Uluguru inapanda mpaka zaidi ya mita 2,600, na barabara zake wakati wa masika zinamjua anayezijua. Boksi maarufu la Ampeg lenye spika nane za inchi 10, lile ambalo wapiga besi wa Ulaya na Marekani wanaliita friji, lina uzito unaozidi kilo 60 bila amplifaya yake. Ni wazi kwamba hakuna anayelipandisha hilo Mgeta. Hata spika ya kawaida ya inchi 15 inahitaji kirikuu, na kirikuu likinasa kwenye tope mpiga besi ndiye anayesukuma, ile mizigo ni yake. Mwenzake wa solo kashafika na pikipiki, anakunywa chai.

Mwenye kiboksi anapanda na gitaa mgongoni. Kwa reli mpya nayo, tangu treni ya umeme ianze safari za Dar na Moro katikati ya 2024, mpiga besi wa Dar anaweza kushuka, akapiga na kurudi na begi moja. Wapiga besi wa Moro wamepata washindani wapya, lakini nao njia ya kwenda Dar imefunguka. Anayebaki nyuma ni yule ambaye sauti yake ipo kwenye boksi lisiloingia mlangoni.

Rudi sasa kwa hoja ya wazee, maana siyo yote ya kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba huku ni kudanganya, besi lazima ipite kwenye spika ndiyo iwe besi. Hii haisimami. James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit, aliyepiga kwenye nyimbo kibao za miaka ya 1960 ambazo wazee wenyewe walizicheza, alikuwa akirekodi gitaa likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye meza ya studio. Na vifaa vya kuigiza amplifaya na spika havikuanza juzi na vijana wa TikTok. SansAmp ya kwanza ilitoka mwaka 1989, baadaye likaja toleo la besi, na majukwaa makubwa ya dunia yameshalitumia mpaka likachakaa. Kama ni uongo, ni uongo ambao watu wameucheza miaka zaidi ya 30.

Na kuna kitu kingine ambacho wazee hawakihesabu. Hiyo harusi haisikilizwi ukumbini tu. Inarekodiwa, inakatwa vipande, inapandishwa mtandaoni usiku huohuo, na watu wengi zaidi wataisikia kwenye simu. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa hezi 41, wala 55, wala 98. Kinachofanya usikie besi kwenye simu ni zile sauti za juu zinazozaliwa pamoja na noti, ambazo zikifika sikioni ubongo unajazia mzizi uliokosekana. Besi mbichi ina fujo huko juu, kwa hiyo kwenye simu inasikika kama mtu anagonga kikombe. Besi iliyopita kwenye spika, ya kweli au ya kiboksi, ina katikati iliyojaa, na simu inaibeba. Anayetaka kupata mialiko kwa klipu zake aanze kufikiria hapo.

Hoja ya pili ya wazee ina uzito. Wanasema besi siyo ya masikio tu, ni ya mwili. Spika ikiwa nyuma yako inakusukuma suruali. Mpiga ngoma anaihisi, anaingia nayo, mnapumua pamoja. Kiboksi hakisukumi suruali ya mtu. Kama jukwaani hakuna monita, mpiga besi wa kiboksi anapiga gizani, anasikia mwangwi wa ukumbi unaomfikia kwa kuchelewa, na anaanza kuburuza bendi. Hapa wazee wako sawa kabisa, na dawa yake si utani wala matusi. Dawa ni kudai monita, moja ya besi na ngoma, iandikwe kwenye makubaliano kabla ya kuchukua malipo ya awali. Au vitumike visikilizio vya masikioni kama hela ipo. Aliyenunua kiboksi akasahau monita kanunua nusu ya kitu.

Halafu kuna wale waliovinunua kwa ajili ya picha. Wapo, na wanajijua. Kiboksi kinapigwa picha na kikombe cha kahawa, kinawekwa stori, kisha jioni kinachomekwa vibaya mbele ya watu. Kosa kubwa ni kukiwasha kikiwa kinaelekea kwenye amplifaya yenye spika yake. Hapo sauti inapita kwenye spika ya kuigiza kisha spika ya kweli, inachujwa mara mbili, inatoka kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Ukiwa na amplifaya yako, sauti ya spika ya kuigiza iende kwenye miksa, na kwenye amplifaya ipelekwe ile isiyochujwa. Viboksi vingi vina matundu mawili kwa sababu hiyo. Kosa la pili ni kukiweka kabla ya vifaa vingine, wakati spika ndiyo huwa ya mwisho kwenye safari ya sauti. La tatu ni kupakia faili za spika za gitaa la solo kwa sababu zilikuwa za bure. Spika ya solo ina tabia nyingine kabisa, ukiitumia chini kunabaki patupu. Faili za spika za besi zipo, za bure zipo pia, kinachotakiwa ni kuzisikiliza kwenye spika kubwa na siyo kwenye visikilizio chumbani saa sita usiku.

Na kabla ya kuchomeka waya wa miksa, muulize fundi kama kawasha ile volti 48 ya maiki. Baadhi ya viboksi vinaivumilia, vingine haviipendi. Kitabu cha maelekezo si cha kufungia maandazi.

Anayesema hana hela ya kiboksi naye asikate tamaa. Studio nyingi za mtaani zina kompyuta, na programu za kupitisha besi kwenye faili hizohizo zipo za bure. Mtu anaweza kurekodi besi mbichi leo na kuijaribisha kwenye spika kumi tofauti kesho bila kutoka kwenye kiti. Prodyuza wa singeli na bongo fleva ambaye hajawahi kumwita mpiga besi wa kweli kwa sababu "besi ya laivu inasumbua kwenye miksi" anaweza kukuta tatizo lilikuwa hapo.

Lakini jambo linalouma zaidi kwenye sakata hili siyo sauti, ni hela, na huku ndiko utani wa mzee usikofika.

Viongozi wa bendi wameshtukia kwamba mpiga besi hana mzigo tena. Kuna mmoja, bendi yake inapiga karibu kila Jumamosi, alimpigia hesabu mpiga besi wake, kijana wa Bigwa, kwa ukavu kabisa: "Zamani nilikuwa nakupa hela ya kirikuu. Siku hizi unakuja na begi. Hiyo hela inabaki kwenye bendi." Sasa tujiulize, kiboksi kilinunuliwa na nani? Na bendi? Hapana. Kijana alijinyima, akakusanya posho za miezi, akaagiza kwa mtu anayekwenda Kariakoo. Faida ya kifaa chake inaingia mfuko wa mwingine, na yeye anabaki na posho ileile pungufu ya nauli ya mzigo. Huko siyo kubana matumizi. Ni kumtoza mtu faini kwa kuwa na akili.

Wapo wanaosema akubali tu, ajira ngumu, kinanda kipo pembeni kinasubiri. Ni ushauri wa woga. Ukumbi uliolipia bendi kamili umelipia besi inayosikika, na kinachoifanya isikike ni mali ya mtu. Fundi mitambo analipwa kwa spika zake. Mwenye jenereta analipwa umeme ukikatika, na hata usipokatika analipwa kwa kuja. Mpiga picha anahesabu kamera yake. Kwa nini kifaa cha mpiga besi kiwe mchango wa harambee?

Kijana wa Bigwa hakugomba. Jumamosi iliyofuata alikuja na gitaa peke yake, akasema kiboksi kimepumzika, bendi imtafutie spika. Walizunguka kuanzia Mji Mpya mpaka Msamvu kuomba ya kuazima, wakapata moja yenye kitambaa kilichochanika, wakaikodia kirikuu kwenda na kurudi. Wiki ya pili hesabu ikapigwa upya bila yeye kuitisha kikao. Ile hela imerudi, ila sasa inaitwa hela ya vifaa, na anapewa mkononi kabla hajachomeka waya.